Raizoni za Tunu

Tunu, mwimbaji wa bendi, aliweka raizoni zake, viatu vya soli nene kama matofali, mbele ya fundi viatu. Jana vijana waliovaa raba walivicheka mpaka akashuka jukwaani, wimbo haujaisha.

"Kata soli hizi. Nataka viatu bapa."

"Dada, nikishakata sitaweza kurudishia."

"Nani kakwambia nitarudi? Kata."

Msumeno ulipomaliza, fundi aliuliza, "Vipande nivitupe?"

"Viweke chini ya meza yako. Inayumba."

Alasiri, kwenye mazoezi, kipaza sauti kilikuwa palepale alipokiacha jana, sasa usawa wa paji la uso wake. Mpiga gitaa aliinuka amsaidie. Tunu alimzuia kwa kiganja, akakishusha mwenyewe hadi mdomoni.

"Wimbo ule ule wa jana," alisema, akavuta pumzi.