Binti Asiyetakiwa Nyumbani

Kengele ililia, sungura akaruka, akatetemeka, akalala ubavu. Kwenye karatasi ya mashine, mistari ya moyo wake ilivurugika kama nyuzi zilizochezewa na paka, kisha ikanyooka.

Mektrida alizima kengele. Alimpapasa yule mnyama mgongoni, bado ana joto, akamwambia, "Pole." Hakukuwa na mwingine wa kumsikia. Krismasi ilikuwa mlangoni, na wenzake wote wa maabara walikuwa wamepanda mlimani kwao. Mji wa Moshi ulikuwa umepoa. Yeye alibaki na sungura wake.

Kwao kulikuwa Kirua Vunjo. Si mbali, ila hakuwa na ruhusa ya kufika.

Yalianza siku walipomzika mama. Jeneza lilipotolewa ndani, wanawake walipiga yowe kwa pamoja, na Evelyn, mdogo wake Mektrida, msichana ambaye hakuwahi kulazwa hospitali hata siku moja, akaanguka kwenye migomba. Hakuinuka tena. Watu walisema amemfuata mama yake. Mektrida alikuwa daktari, mtafiti wa magonjwa ya moyo. Maneno hayo hayakumtosha. Aliporudi kazini alijipima moyo wake mwenyewe, na jibu akaliona hapo hapo.

Akapanda kwenda kumweleza baba yake, Mzee Basili. Walikaa jikoni, wawili tu.

"Kwenye chembe za moyo kuna vilango vidogo, baba. Moyo ukishapiga, madini ya potasiamu hutoka kupitia hapo, moyo ukatulia, ukajiandaa kupiga tena. Vya Evelyn vilikuwa havifunguki sawasawa. Mshtuko ukiukuta moyo haujatulia, unavurugika."

"Mshtuko wa kelele, au wa huzuni?"

"Wowote, baba."

Mzee alimtazama. "Na vya kwako?"

"Ni hivyo hivyo, ugonjwa huu hurithiwa. Nakunywa vidonge. Vinapunguza hatari, haviiondoi. Ndiyo maana nawatia sungura ugonjwa huu, nitafute dawa iliyo bora."

Mzee Basili aligeukia meko. Alisukuma kuni ndani, akaukodolea moto macho.

Mektrida alipopanda tena, wakati wa masika, alimkuta baba amesimama getini kama aliyekuwa akimngoja. Koti lilimpwaya mabegani. Majonzi, Mektrida alijiambia. Akanyoosha mkono kufungua geti, mzee akalishika kwa ndani.

"Rudi kwa sungura wako," alisema. "Daktari wa moyo, na mdogo wako akafa mbele ya macho yako! Sitaki kukuona hapa. Hata nikifa, usije."

Hakupaza sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma Mektrida kuliko maneno yenyewe. Alishuka mjini akiwa na kapu lake mkononi, sukari na nyama alizomletea baba zikiwa bado ndani yake.

Alituma blanketi, likarudishwa. Alimpigia simu jirani wa baba, akaambiwa mzee amekataa kuja kuongea. Usiku alijiuliza kama kweli angeweza kumwokoa Evelyn, akajihukumu, akajitetea, akajihukumu tena. Mwishowe alichoka. Jina la baba alianza kuliruka kwenye sala zake, na siku moja akagundua kwamba kuliruka hakumsumbui tena.

Sasa alikuwa akiosha mikono pale maabara, mlango ukagongwa, taratibu mno, karibu asiusikie. Alikuwa Ildefonce, baba yake mdogo, amevaa suti yake ya kanisani, viatu vimejaa udongo mbichi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umemeza vidonge vyako leo?"

"Nimemeza."

"Kaa kwanza."

Akakaa. Ildefonce akavuta kiti karibu, akaishika mikono yake yote miwili, akangoja mpaka pumzi ya Mektrida ikatulia.

"Kaka amepumzika," alisema kwa sauti ya chini. "Tumemzika mchana huu."

Mektrida alisubiri machozi, hayakuja. Kilichokuja ni baridi tu, kuanzia kifuani mpaka vidoleni. Moyo wake uliendelea kupiga, pigo baada ya pigo, kama wa aliyepewa habari za mtu asiyemjua.

"Mmemzika bila kuniita?"

"Alikataza."

"Baba yangu mzazi! Alinichukia mpaka kaburini?"

Ildefonce alitikisa kichwa.

"Alikufungia geti wiki ile ile aliyoambiwa ana saratani. Akatuapisha sote. 'Mwacheni anichukie,' alisema. 'Akija kunililia, mtazika wawili.'"