Ngata Juu ya Jiwe

Wewe umewahi kuona bahari inayokataa kumzamisha mtu? Ipo, chini kabisa bondeni, na chumvi yake imeganda ufukweni kama mawe. Wenyeji husema mji wa Lutu umelala humo, na ile nguzo ya mteremkoni ndiye mkewe, aliyegeuka nyuma.

Kezia alifika huko na mahujaji wenzake. Alitua mzigo wa chupa za maji ya mto mtakatifu, akaiondoa ngata kichwani, akaiweka juu ya jiwe, kisha akaingia majini na kanga zake. Mikwaruzo ya miguuni ikamchonyota. Akajilaza chali, na maji yakampokea mzimamzima, hata vidole vya miguu vikabaki juu.

“Mama Elia, toka huko,” mumewe aliita. “Gari linaondoka, na hapa ni mahali pa laana.”

“Mwache, amekuwa kibuyu,” mwenzao mmoja akatania, wakacheka.

“Na hizi chupa atazibeba nani?” mumewe akauliza.

Kezia hakugeuza shingo. Juu ya jiwe, ngata ilikuwa ikifunguka taratibu kwa upepo.

“Beba wewe, Baba Elia,” alisema. “Nilitaka na mimi nibebwe, hata kidogo.”