Kamba ya Mti wa Xiaobei

Kamba ya plastiki ilimwishia Albina, mfanyabiashara aliyefuata bidhaa kwa Wachina, robota likiwa limefungwa nusu, na gari la mizigo linapiga honi. Akaangaza macho huku na huku. Kwenye shina la ule mti mkubwa wa mtaa wa Xiaobei, wenye mizizi inayoning'inia, ilizungushwa kamba nene ya mabua ya mpunga yenye vikaratasi vyeupe. Akadhani ni mapambo ya sikukuu iliyopita. Akaifungua, akang'oa vikaratasi, akamalizia robota lake la vitambaa vya soko la Zhongda. Robota likaenda zake stoo.

Kesho yake alikuwa akinywa chai chini ya mti huo kwa rafiki yake Mwanakhamis, mama ntilie wa kutoka Unguja, alipomwona Morita, injinia Mjapani. Alishika chupa ya pombe na kifuko cha chumvi. Alilizunguka shina, akapapasa mahali palipokuwa na kamba, kisha akakaa chini kama mtu aliyefiwa. Nyuma yake mafundi wenye kofia za plastiki walivuta sigara wakisubiri. Baadaye wote wakaondoka.

"Mkalimani wake kanambia, kwao mti mkubwa una mwenyewe ndani," Mwanakhamis alinong'ona. "Ile kamba ya ibada, kaja nayo kutoka hekaluni kwao. Sijui mwizi gani kaichukua, hata haya hana!"

Albina akakitua kikombe cha chai.

Kwao Bukoba kulikuwa na mti ambao bibi yake hakuruhusu mtoto auchume hata jani. Leo yeye, mtu wa kukaa viti vya mbele kanisani, kauvua nguo mti wa watu! Alijiona mchafu. Kila asubuhi Morita alikuja, akainama, akaondoka na mafundi wake, na kila asubuhi Albina aligeuza uso. Akaanza kuuamkia mti kimoyomoyo, "Shikamoo," kabla ya kukaa. Kadiri alivyouamkia ndivyo alivyoupenda, na ubaridi wake, na ndege wake wenye makelele, na ndivyo hatia ilivyozidi kumtafuna.

Mwishowe alishindwa. Alikwenda stoo, barabara ya Huanshi Zhonglu, kulidai robota lake.

"Mei you! Mei you!" mwenye stoo alipunga mkono. Hakuna, limeshapangwa chini kabisa. Albina alipiga magoti palepale sakafuni mpaka wakalichomoa.

Akampelekea Morita kamba kwa mikono miwili.

"Ni mimi niliyeichukua," alisema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, machozi yakimtoka. "Nisamehe. Na mti unisamehe."

Morita hakumgombeza. Alibandika vikaratasi vipya, akamwomba waifunge pamoja. Akamwaga chumvi na pombe mizizini. Wakainama, wakapiga makofi, wakainama tena. Moyo wa Albina ukatulia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alipogeuka akamkuta Morita naye analia, akamhurumia.

"Asante sana, dada," Morita alisema akijifuta machozi. "Siku zote hizi nimeshindwa kuanza kazi. Kwetu, mti kama huu haukatwi kabla haujaombwa radhi."

Akawageukia mafundi, akaitikia kwa kichwa. Wakawasha msumeno.