Sura Iliyobaki Kwenye Bastola

Kila mwaka, kabla fundi hajarekebisha au kubadilisha jicho la kulengea la bastola ya nyumbani, sheria ilimtaka aonyeshe mbele ya watu kila sura ambayo jicho hilo liliwahi kuilenga. Mwenye bastola alitaja kila sura ni ya nani: wa nyumbani, au mgeni. Kwa wa nyumbani, bastola ingekataa kumfyatukia maisha.

Mdoe alikwenda kwa fundi na baba yake, Mzee Sekiboko, maana mzee hakuachika peke yake. Siku hizi mzee akipita mbele ya kioo cha ukutani hukisalimia.

Mdoe alichagua jicho jipya la nukta ya kijani. Fundi akashika bisibisi, lakini kwanza akawasha skrini.

Ikatokea sura moja tu: mzee mwenye kikoi, macho kayatoa, mikono juu, kasimama kwenye mlango wa jikoni kwa Mdoe.

“Maskini!” Mzee Sekiboko akaisogelea skrini. “Mzee wa watu kakosa nini? Ni nani huyu, mwanangu?”

Foleni nzima ikamgeukia Mdoe. Masikio yake yakawaka moto.

“Simjui, baba.”

Fundi akamtazama mzee, akatazama skrini. Sheria haikumruhusu kuuliza mara mbili. Akaandika: mgeni.