Gazeti la Februari

Uvumi ulimganda Mama Chausiku: eti yule wakala mcha Mungu aliyempeleka bintiye kazi za ndani ng'ambo aliwahi kuandikwa gazetini kwa kuuza watu. Wiki ya tano sasa, simu ya Chausiku haipatikani.

Akaenda maktaba. Mkutubi akaandika jina la wakala kwenye kompyuta.

"Gazeti lipo, mama. La Februari mwaka jana."

"Februari? Mbona mwanangu kaondoka Juni!"

Mkutubi akainamisha macho. "Tangu lije, hakuna aliyeliomba."

Akaliweka mezani. Pichani wakala alikuwa anacheka.

Kina mama, msimwamini mtu kwa kuwa anasali. Msimwachie pasipoti. Msisaini msichokisoma. Msiogope kuuliza maktaba eti hamjui kompyuta.