Nyusi ya Kushoto

Mwalimu Mbwilo alimpa Chiku waya mwembamba wenye vishikio vya mti, akamwonyesha pa kukata kile kichwa cha udongo: juu ya masikio, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni.

“Ni lazima, Mwalimu?”

“Kimejaa udongo mpaka ndani. Ukikitia kwenye tanuri hivi kitapasuka, kivunje na vya wenzako. Kikate, ukikombe ndani, halafu ukiunganishe.”

Wenzake wa mwaka wa kwanza walikuwa wamefinyanga watu wa kubuni tu, wakavikata vichwa vyao huku wakitaniana. Chiku alikuwa amemfinyanga marehemu mama yake. Nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja. Kwa wiki tatu alipapasa gizani, akabandika na kubandua, mpaka jana jioni aliponyanyua nyusi ya kushoto kidogo tu, na mama akawa amekaa pale mezani.

Akauvuta waya. Waya ukaenda mshazari, ukapita katikati ya ile nyusi na kuivuruga.

“Udongo bado mbichi,” mwalimu alisema. “Utaitengeneza tena.”

“Na kama nimeshasahau ilivyokuwa?”

Mwalimu Mbwilo alimsogezea bakuli la maji, akaenda meza nyingine.

Chiku aliulaza utosi wa mama yake juu ya kitambaa kibichi. Kisha akafumba macho, akapeleka kidole chenye udongo usoni pake, akaanza kuipapasa nyusi yake mwenyewe, ya kushoto.