Mkanda wa Mwanaheri

Kocha Pazi alikuwa anamfunga Jumbe bendeji mikononi wakati mama yake Jumbe alipoingia bila kubisha hodi. Tangu mwanawe aanze ngumi akiwa na miaka tisa, akipiga gunia la mchanga nyuma ya mashine ya kusaga, Mwanaheri hakuwahi kwenda kumtazama hata mara moja. Leo alikuwa ameshika kifurushi cha gazeti.

“Redio inatangaza tangu asubuhi kwamba unapigania mkanda,” alisema. “Nimekununulia. Haya, vaa nguo zako twende nyumbani.”

Ndani ya gazeti mlikuwa na mkanda wa suruali, mweusi, wa ngozi.

Pazi alicheka mpaka akaangusha bendeji. “Mama, hao wanasema mkanda wa ubingwa!”

“Naujua, mpana kama sinia. Usinicheke, Pazi. Nataka mwanangu arudi na meno yake yote.”

Jumbe hakucheka. “Mama, nimeusubiri mpambano huu miaka kumi na minne. Lakini bila radhi yako sipandi ulingoni.”

Mwanaheri aliutazama mkono wa kushoto wa mwanawe, ambao ulikuwa bado haujafungwa. Kisha akaketi kwenye benchi, akaiokota bendeji, akaikung'uta vumbi.

“Huyu anakufunga ovyo,” alisema. “Lete mkono.”

Akaanza kuizungusha mwenyewe.

“Inabana?”

“Kidogo.”

“Vizuri.”

Ukumbini watu walikwishaanza kuliita jina la Jumbe. Mwanaheri aliendelea kuzungusha bendeji, taratibu, kama hasikii.